Kabla ya Kuchora Mji, Ulizeni Maji Yanapita Wapi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa mipango miji na usanifu majengo, mabibi na mabwana.

Barua ya mwaliko iliniomba nije na ndoto: mji bora, unaoishi kwa kuelewana na maumbile. Nimeitafuta hiyo ndoto wiki mbili nzima. Mwishowe nimekuja na kosa, tena la kwangu mwenyewe, kwa sababu naona litawafaa zaidi vijana ambao baada ya miaka miwili mitatu watakabidhiwa kalamu.

Nilikuwa mwaka wa tatu kazini nilipopewa eneo nilipange viwanja. Ramani ya msingi ilikuwa na kontua zake, yaani mistari ya mwinuko wa ardhi, njia ya miguu, miti michache, na mstari mmoja wa buluu uliokatika-katika ukishuka kutoka kilimani hadi kona ya chini ya karatasi. Mnajua maana yake: korongo la msimu. Mvua ikinyesha maji hupita, mvua ikikata hukauka. Nikaenda kuliona, na nikaenda kiangazi. Nilikuta mchanga, majani makavu, na mfuko wa plastiki ulionasa kwenye mti wa miiba, usawa wa kiuno changu. Mfuko ule ulikuwa umejaa mchanga. Upepo haupandishi mtini mfuko wenye mchanga. Maji ndiyo huupandisha. Ushahidi wote ulikuwa unaning'inia mbele yangu, na mimi nikaupita nikitafuta kivuli.

Niliporudi ofisini nikachukua kifutio. Mstari ule wa buluu ulikuwa unakata katikati ya viwanja kumi na viwili, na mimi nilipenda viwanja vyangu viwe na pembe nne. Mchoro ukapitishwa. Watu wakapata vibali, wakajenga, wakapaka rangi, wakapanda maua. Miaka sita mvua zikawa za wastani. Mwaka wa saba ikanyesha usiku kucha, na alfajiri nikapigiwa simu. Sina haja ya kuwaambia maji yalipita nyumba zipi. Hakufa mtu, namshukuru Mungu kwa hilo. Mzee mmoja alinionyesha mstari wa tope ukutani kwake, umefika kwenye swichi ya taa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ni mimi niliyechora.

Maji hufuata mkondo. Methali hiyo tumeizoea mno hata tunadhani inahusu tabia za watu. Mimi siku hiyo niliielewa kama sentensi ya haidrolojia, elimu ya mwendo wa maji. Tangu hapo mtu akiniletea mchoro wa mji bora, uwe na paneli za jua, uwe na bustani za ghorofani, namuuliza kwanza: maji yanapita wapi? Akinijibu kwa kidole juu ya ramani, nasikiliza yaliyobaki kwa utulivu. Akinijibu kwamba "mtaro utajengwa", najua kifutio kimeshapita hapo.

Miji bora imechorwa mingi, na tusiwacheke waliochora. Ebenezer Howard hakuwa msanifu wala mhandisi. Kazi yake ilikuwa kunukuu mijadala ya Bunge la Uingereza. Mwaka 1898 alitoa kitabu kilichopendekeza miji ya bustani: watu 32,000 katika ekari 6,000, na kati ya hizo ekari 1,000 tu ndizo za mji wenyewe, zilizobaki ni mashamba na misitu ya kuuzunguka. Mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ukaanza kujengwa huko Uingereza mwaka 1903, wa pili, Welwyn, mwaka 1920. Lakini kiini cha pendekezo lake hakikuwa miti. Kilikuwa umiliki: ardhi yote iwe ya jumuiya, ili mji ukistawi na ardhi ikipanda thamani, faida irudi kwa wakaazi na itunze mji wao. Waliomwiga dunia nzima walichukua bustani, wakaliacha hilo la ardhi. Ndiyo maana neno "mji wa kijani" leo mnaliona zaidi kwenye mabango ya wauza nyumba kuliko kwenye bajeti za halmashauri.

Brasília, mji mkuu wa Brazili, ilizinduliwa mwaka 1960. Mpango wa Lúcio Costa, majengo ya Oscar Niemeyer, na ukiutazama kutoka angani ni mzuri kweli kweli, kama ndege aliyekunjua mbawa. Ukiutembea kwa miguu ni habari nyingine. Ulichorwa kwa ajili ya gari, na vibarua walioujenga hawakuwa na mahali ndani yake. Waliishia kwenye miji ya pembezoni kama Taguatinga, ambayo ilianza kabla hata ya mji mkuu wenyewe kuzinduliwa. Halafu ikaja Masdar, kule Abu Dhabi, iliyotangazwa mwaka 2006 kuwa mji usiotoa kaboni kabisa, na ilikusudiwa kukamilika karibu mwaka 2016. Mwaka huo ukafika, mji ukiwa bado sehemu ndogo ya mchoro. Vigari vyake visivyo na dereva, vilivyopaswa kupita chini ya mji mzima, vikabaki na kanjia kafupi. Kinachowapendeza wanaoitembelea ni mitaa yake myembamba, iliyoelekezwa kwa makusudi ili ukuta mmoja uutie kivuli ukuta mwingine. Hicho watu wa majangwani walikijua karne nyingi kabla ya kompyuta.

Naona ugonjwa wa michoro hii yote ni mmoja: karatasi nyeupe. Ardhi haijawahi kuwa nyeupe. Ina mteremko, ina chemichemi, ina njia za wanyama, ina watu. Na zaidi ya nusu ya binadamu tayari wanaishi mijini. Sehemu kubwa ya mji bora mnaoutafuta imeshajengwa, imejengwa vibaya, na ndani yake wanaishi watu ambao hawana mpango wa kuhamia kwenye ndoto ya mtu.

Kwa hiyo tuzungumze habari ya kurekebisha, na tuanze na hesabu ambayo kila mmoja anaweza kuifanya. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100, ikinyeshewa milimita 50, imekusanya lita 5,000. Nyumba mia mbili mtaani ni lita milioni moja, na hapo hamjahesabu barabara wala maegesho wala ua uliosakafiwa. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ingezama ardhini polepole na kukutana na mizizi. Leo yote yanafika kwenye mtaro mmoja ndani ya dakika chache. Tukiona mtaro umefurika tunaupanua, na maana ya kuupanua ni kumfikishia jirani wa bondeni mafuriko yake mapema zaidi.

Singapore walikuwa na mfereji wa zege wa aina hiyo, Mto Kallang, unaopita kando ya bustani ya Bishan. Kilomita 2.7 zilizonyooka kama rula. Kati ya mwaka 2009 na 2012 walilibomoa zege na kuuacha mto upinde. Ulipomaliza kupinda ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Mhandisi wa shule ya zamani ataona hizo ni mita zilizopotea. Mimi naona mto uliopewa muda: kila kona inapunguza kasi, kila ukingo wenye nyasi unanyonya kidogo. Siku za kawaida watu wanatandika mikeka kwenye majani ya ukingoni. Mvua kubwa ikija, ving'ora vinalia, watu wanapanda juu, na majani yale yanakuwa sehemu ya mto kwa saa chache. Na hawakuanza kwa kubomoa. Walichukua kwanza kamfereji ka pembeni, mita 60 tu, wakajaribu njia kumi tofauti za kushikilia kingo kwa mizizi na mawe na magogo, wakaona ipi inahimili hali ya hewa yao. Mita sitini! Sisi huwa tunaanza na kilomita mia na sherehe ya uzinduzi. Baadaye fisi-maji wakahamia pale na kuzaa, bila kuombwa na mtu.

Seoul ni hadithi ndefu zaidi, na nitaisema pamoja na madoa yake. Kijito cha Cheonggyecheon kilifunikwa kwa zege, kisha juu yake ikajengwa barabara ya angani iliyokamilika mwaka 1976. Mwaka 2003 meya Lee Myung-bak akaanza kuibomoa, na mwaka 2005 kijito cha kilomita 5.8 kikafunguliwa. Wengi walitabiri mji utakwama kwa foleni. Haukukwama, kwa sababu mabasi yalipangwa upya kabla barabara haijaisha kubomolewa, na kwa sababu magari si kama maji. Ukiyafungia njia, mengine hayaji kabisa. Pembeni ya kijito hewa ya kiangazi imepimwa kuwa na ubaridi wa nyuzi kadhaa kuliko barabara za jirani.

Madoa sasa. Maji mengi mnayoyaona pale yanasukumwa kwa pampu kutoka Mto Han, maana kijito chenyewe kilikuwa kimekaukiwa. Ni bomba zuri lililovaa nguo za mto. Na wachuuzi waliokuwa wakifanya biashara chini ya ile barabara walihamishiwa kwenye uwanja wa michezo wa zamani wa Dongdaemun. Baada ya miaka michache uwanja huo nao ukabomolewa kupisha jengo la kisasa, wakahama tena. Mnapopigia makofi picha za kabla na baada, ulizeni pia waliokuwa kwenye picha ya kabla wako wapi. Mtaa ukipata mto na kivuli, kodi za nyumba hupanda, na aliyevumilia harufu ya mtaro miaka ishirini anaondoka siku mtaro unapogeuka bustani. Howard aliliona hili tangu 1898. Sisi bado tunaliita matokeo yasiyotarajiwa.

Kisha kuna mpaka wa yote haya, na msije mkadanganywa na wauza sifongo. China imewekeza sana katika miji iliyoundwa kufyonza mvua kama sifongo, na Zhengzhou ilikuwa miongoni mwake. Tarehe 20 Julai 2021 ilinyesha milimita 201.9 ndani ya saa moja. Saa moja! Mamia ya watu walipoteza maisha, na 14 kati yao walikuwa ndani ya treni ya chini ya ardhi. Hakuna bustani inayofyonza mvua ya namna hiyo. Sifongo ikishiba imeshiba. Ndipo lazima mji uwe umeshaamua, siku nyingi kabla, kwamba ikizidi kipimo ni uwanja gani utageuka ziwa na ni barabara gani itageuka mto. Copenhagen, baada ya kuzamishwa na mvua ya tarehe 2 Julai 2011, walikaa wakazichagua barabara hizo wakaziandika kwenye ramani. Ni uamuzi mgumu, kwa kuwa kila mtu anataka barabara ya mwenzake. Lakini usipochagua wewe, maji yatachagua.

Niingie kwenye miti, maana najua mliitarajia mapema.

Siku mkitoka hapa, tafuteni mti wowote uliopandwa kando ya barabara mpya, muiname mtazame chini. Mtakuta shimo la mita moja kwa mita moja, lami pande zote, na udongo ulioshindiliwa na mashine mpaka ukigonga kwa kisigino unalia kama tofali. Mzizi unataka vitu viwili, maji na hewa, na hapo hakuna hata kimoja. Baada ya miaka mitano mti una kimo kilekile cha siku ya uzinduzi, na picha ya uzinduzi ingali imetundikwa ofisini. Tunahesabu miche iliyopandwa. Sijawahi kuona ripoti inayohesabu kivuli.

Stockholm walichoka kupanda miti inayokufa. Wakaanza kuiandalia chini kabla ya juu: tabaka nene la mawe yaliyopondwa yanayoweza kubeba uzito wa barabara, katikati ya mawe nafasi za udongo na mkaa wa mimea unaotunza maji, na tundu za kuingiza hewa na maji ya mvua kutoka barabarani. Mpita njia haoni chochote. Anaona mti umenawiri, basi.

Kwa nini tuhangaike hivyo? Kwa sababu ya fizikia tu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua joto la karibu uniti 0.68 za umeme. Mti mkubwa usio na kiu unaweza kutoa lita 100 kwa siku moja ya jua kali. Hizo ni karibu uniti 70, sawa na ubaridi wa kiyoyozi cha chumba kikiwaka kama saa ishirini. Tofauti ni kwamba kiyoyozi kinalichukua joto la chumbani kwako na kulitapika mtaani, kwa yule asiye na kiyoyozi. Mti wenye kiu, kwa upande wake, unafunga vinyweleo vya majani yake na haumpozi mtu. Mnaona tumerudi palepale kwenye maji? Medellín, Kolombia, walielewa hivyo walipoanza mwaka 2016 kuunganisha barabara na kingo za mito kwa njia 30 za kijani. Hawakupanda kisha wakaondoka. Waliwafundisha wakaazi wa mitaa masikini utunzaji wa bustani na kuwaajiri. Mji umeripoti joto kushuka kwa takriban nyuzi 2 katika njia hizo. Mimi ningeanza kusifu na orodha ya mishahara ya watunza bustani.

Habari ya majengo marefu yaliyobebeshwa miti kwenye kila roshani, nitaipita haraka. Yanapendeza kwenye majarida. Zege la kubebea udongo wote ule juu angani lingetosha kujengea wengine mahali pa kulala.

Kuna dhana moja naomba muiache hapa ukumbini: kwamba mji wa maumbile ni kila familia na bustani yake. Nyumba zikitawanyika, barabara zinarefuka, mabomba yanarefuka, basi halilipi, gari linakuwa lazima, na mashamba na ardhioevu za pembezoni zinaliwa kiwanja kimoja kimoja. Kuipenda nchi ya nje ya mji ni kukubali kubanana kidogo ndani yake: ghorofa nne hadi sita, mtaa wa kutembea kwa miguu, duka chini, watu juu, bustani ya pamoja inayofikika. Curitiba, Brazili, chini ya meya Jaime Lerner aliyekuwa msanifu, waliruhusu maghorofa kando ya njia za mabasi yaliyopewa barabara yao wenyewe kuanzia mwaka 1974, na mabondeni, badala ya kujenga mitaro mikubwa, wakaweka bustani na maziwa ya kupokea mafuriko. Nyasi zikawa zinakatwa na kondoo. Ilikuwa rahisi, na naamini ndiyo maana inadharauliwa.

Na mji hauishii kwenye kibao cha mpaka wake. New York hunywa maji yanayotoka milima ya Catskill na bonde la Delaware, mbali kabisa, na sehemu kubwa ya maji hayo haipitishwi kwenye mtambo wa kuchuja. Mwaka 1997 mji ulisaini makubaliano na watu wa huko juu: mji unagharamia utunzaji wa misitu, mashamba na vyoo vyao, nao wanayaacha maji yashuke yakiwa safi. Ilikuwa nafuu sana kuliko kujenga mtambo. Mkulima wa mlimani akawa mfanyakazi wa mji bila kuhama shambani kwake.

Mtaniuliza kuhusu fedha, kwa hiyo niseme mapema. Fedha za kujenga hupatikana, kwa sababu kujenga kuna utepe wa kukata. Fedha za kuzoa majani kwenye tundu la maji Jumanne asubuhi, mwaka wa tisa, hizo ndizo hazipatikani. Bustani ya mvua, ile iliyochimbwa ipokee maji ya mvua yazame, isiposafishwa miaka miwili inakuwa dimbwi la mbu, na wananchi watakuwa na haki kabisa ya kudai imwagiwe zege. Mkichora chochote, andikeni pembeni ya mchoro ni nani atakayekishikia fagio na atalipwa kutoka fungu lipi. Kama hamjui, punguzeni mchoro mpaka mjue.

Namalizia na lile korongo langu, kwa sababu halijaisha. Kati ya viwanja kumi na viwili, wenye viwanja saba wamekubali kubadilishiwa wapewe viwanja vya juu, baada ya vikao vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tumefukua kipande cha juu, tumepanda nyasi zenye mizizi mirefu, tumeacha kipande cha chini kipanuke ili maji yapate pa kutulia. Msimu uliopita maji yalipita nusu ya njia kwa heshima zote, kisha yakagonga ukuta.

Ukuta huo ni wa yule mzee wa swichi ya taa. Hataki kuhama, na vibali vyake vyote ni halali. Nimevisoma, na sahihi iliyo chini ni yangu. Ameniambia nirudi Jumatatu, niende na ramani ya zamani, ile niliyoifuta, akaone mwenyewe mstari ulikuwa wapi. Mpaka sasa nimeitafuta kwenye makabati matatu.

Karibuni maswali.